Nikon ama Canon? Venye Majarida Hupima DSLR za Kuanzia, na Venye Unafaa Kusoma Hizo Nyota

Form ni hii. Umeweka doh mdogo mdogo, simu imekuchosha, na sasa unataka kamera ya ukweli. Graduation, ruracio, harusi, wasee wa mtaa wanaotaka picha za kava ya ngoma, yote unaiona mbele yako. Unaanza kusoma majarida makubwa ya kamera ndio ujue utoke na gani dukani. Kurasa mbili baadaye uko kwa giza: huku Nikon imepewa nyota tano, huku Canon imepewa nne, kwingine kuna jedwali la namba limejaa ISO na EV, na hakuna mahali imeandikwa kama hiyo kamera itakubeba Jumamosi ndani ya kanisa lenye bulb tatu.

Shida si ati majarida yanadanganya. Mengi yanafanya kazi safi kuliko yule jamaa wa duka anayekuambia "hii ndio wanatumia wote". Shida ni kwamba jarida linapima kamera kwa njia yake, kwa bei ya kwao, kwa msomaji wa kwao. Ukijua venye wanapima, utajua namba gani ni yako na gani ni ya kuruka.

Nitatumia kamera za mwaka 2018 hivi kama mfano, yaani Nikon D3500 na Canon EOS 2000D na 4000D, juu ndizo utapata mingi tao, mpya na za mkono wa pili. Pia hizo tatu ziliwekwa kwa ulingo mmoja na karibu kila jarida.

Kwanza, "ya kuanzia" ilitoka wapi

DSLR ni kamera ya kioo. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda mpaka kwa kadirisha ka kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka, shata inafunguka, sensa inashika picha. Ile "chak" unaskia kwa harusi ni kioo na shata wakipiga kazi.

Zamani hizi vitu zilikuwa za wadosi. Mwaka 2003 Canon ikatoa EOS 300D, megapikseli 6, ikauzwa Marekani dola 899 bila lenzi. Ilikuwa DSLR ya kwanza kushuka chini ya dola 1,000, na hapo ndio majarida yalianza kuwa na kurasa maalum za "kamera ya kwanza". Mwaka uliofuata Nikon ikajibu na D70. Kuanzia hapo ikawa ndondi.

Ile 300D pia ilifunza waandishi kitu kimoja ambacho wanafanya mpaka leo: kuuliza kamera ya bei ya chini imenyimwa nini. Sensa yake ilikuwa ile ile ya 10D, ndugu yake mkubwa. Ila Canon ilifungia baadhi ya vitu kwa programu ya ndani, na wajanja wakatoa programu ya kando iliyofungua kadhaa. So ukisoma ripoti nzuri ya kamera ya kuanzia, usikae sana kwa "iko na nini". Ruka mpaka penye wanaandika "haina". Hiyo ndio sehemu yako.

Maabara: mahali namba hutoka

Jarida lenye heshima halipimi kamera kwa kupiga picha ya maua halafu kusema "safi sana". Wako na chati. Kuna ile ya ukali wa picha, mistari na kona zilizochorwa kwa kiwango cha ISO 12233, ambayo kamera inaipiga halafu kompyuta inahesabu mistari mingapi imeonekana kabla mambo yageuke uji. Kuna chati ya rangi yenye vyumba 24. Halafu wanapiga picha ile ile kuanzia ISO 100 wakipanda mpaka mwisho, waone ile chenga ya picha inaanza wapi kuharibu sura.

Hapo kuna mtego wa kwanza. Picha ya JPEG imeshapikwa na kamera: imesafishwa chenga, imeongezwa makali, imepakwa rangi. Kampuni moja inaweza kusafisha sana mpaka nywele zikue kama plastiki, nyingine ikaacha chenga kiasi na nywele zibaki nywele. Ukiangalia haraka, ya kwanza inakaa safi zaidi. Ndio maana majarida makini hupima pia faili za RAW, ile picha mbichi, zikifunguliwa na programu moja kwa kamera zote. Ukiona ripoti imelinganisha JPEG peke yake, jua unaona upishi wa kamera, sensa yenyewe bado hujaiona.

Mtego wa pili ni lenzi. Ili walinganishe bodi kwa haki, majarida mengi hupiga chati na lenzi kali isiyo na zumu, kama 50mm. Ni haki kwa maabara. Lakini wewe unaenda nyumbani na ile 18-55mm ya ndani ya boksi. Makali uliyoyaona kwa ukurasa yalitoka kwa lenzi ambayo hukununua. Tafuta kwa ripoti mahali wanaandika walitumia lenzi gani. Huwa kwa maandishi madogo chini ya picha.

Na megapikseli? Hiyo stori iliisha kitambo, ila inauza bado. Mwaka 2006 Canon 400D ilikuwa na megapikseli 10, Nikon D40 ikaja na 6. Kwa jedwali D40 ilikaa kama imechapwa. Lakini picha ya D40 ina upana wa pikseli 3,008, na Instagram imekuwa ikionyesha picha kwa upana wa 1,080. Yaani hata ile ya 6 iko na karibu mara tatu ya chenye utapost. Kwa kizazi cha 2018, D3500 na 2000D zote ziko kwa 24, na 4000D iko na 18. Kwa upana hiyo ni pikseli 6,000 dhidi ya 5,184. Ukichapisha bango la ukuta utaona. Kwa simu ya bibi harusi, sahau.

Betri ndio namba inachekesha. D3500 iliandikiwa shoti 1,550 kwa chaji moja, 2000D na 4000D 500 kila moja. Mara tatu! Hizo namba hutoka kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani: unapiga shoti kila sekunde 30, fleshi inawaka kwa nusu ya shoti, na kamera inazimwa na kuwashwa kila baada ya shoti kumi. Hakuna msee anafanya harusi hivyo. Usipotumia fleshi utapita hizo namba. Ukikaa kwa video ama ukipiga ukitumia skrini, utakufa mapema. Halafu cheki hii: kuanzia D3400, Nikon ilipunguza nguvu ya fleshi ya kuruka juu. D3300 ilikuwa na namba ya fleshi 12, D3400 na D3500 ikawa 7. Fleshi ndogo inakula moto kidogo, na kipimo chenyewe kinawasha fleshi nusu ya wakati. Hiyo peke yake haielezi shoti 1,550, lakini inasaidia jedwali kung'aa. Bado, kwa betri Nikon inashinda, hakuna ubishi. Na ukienda Canon, bajeti ya betri ya pili iwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza.

Kadirisha ka kuchungulia na hesabu ya ujanja

Hii watu wengi huruka, na mimi naona ni kati ya vitu vya maana zaidi, juu ndio mahali jicho lako litaishi.

Kwa jedwali utaona Nikon D3500 imeandikwa ukuzaji 0.85, Canon 2000D 0.80. Unasema, ah, tofauti ya kitu kidogo. Kumbe hizo namba hupimwa na lenzi ya 50mm, na sensa ya Canon ni ndogo kiasi: milimita 22.3 kwa 14.9, huku ya Nikon ikiwa 23.5 kwa 15.6. Kwa sensa ndogo, 50mm ile ile inavuta zaidi. Kwa hivyo unagawanya: Nikon 0.85 kwa 1.5 unapata kama 0.57, Canon 0.80 kwa 1.6 unapata 0.50. Sasa tofauti imekuwa ya kuonekana. Ukichungulia moja halafu nyingine dukani utaskia kama umetoka bedsitter ukaingia one bedroom. Zote mbili lakini zinatumia vioo vidogo vilivyobandikwa badala ya kipande kizima cha glasi, ndio wapunguze bei na uzito, na zote zinakuonyesha asilimia 95 ya picha. Ile asilimia 5 ya pembeni ndio mahali mguu wa plastiki wa kiti cha tenti hujificha mpaka ufike nyumbani.

4000D ilifanya mbaya zaidi: haina kale kagurudumu ka kurekebisha macho. Kama unavaa miwani na ulikuwa unapanga kuivua ukipiga picha, hiyo kamera si yako.

D3500, 2000D na 4000D kwa ulingo mmoja

Tuanze na mnyonge. Majarida yaliichapa 4000D, na ilistahili. Mahali lenzi inajifunga pamewekwa plastiki badala ya chuma. Hakuna swichi yake ya kuwasha. Unazungusha gurudumu la modi mpaka "off". Skrini ni inchi 2.7 yenye nukta 230,000, wakati 2000D ina inchi 3 na nukta 920,000. Hiyo skrini ni muhimu kuliko inavyokaa. Ukiwa kazini unategemea skrini kujua kama jicho la mteja limeshika fokasi. Kwa nukta 230,000 kila picha inakaa kali, halafu ukiifungua kwa laptop unapata maskio ndio iko na fokasi na macho ni ukungu.

2000D ni 4000D iliyoenda shule. Chuma mahali pa lenzi, sensa ya 24, swichi ya kawaida, skrini ya maana. Fokasi ni pointi 9, na ya katikati pekee ndio iko na makali ya pande zote mbili. Shoti 3 kwa sekunde. Kwa graduation hiyo inatosha, ile ya kofia kurushwa utahitaji bahati kidogo.

D3500 ina pointi 11, pia moja tu ya katikati ndio kali, shoti 5 kwa sekunde, na ISO mpaka 25,600 ambapo 2000D inasimama kwa 6,400 mpaka uilazimishe ifike 12,800. Lakini usidanganywe na ile namba ya juu kabisa. ISO ya mwisho kwa kila kamera ni ya kuuzia. Penye Nikon ilikuwa inawashinda Canon wa bei hii kwa ukweli ni kwa vivuli: ukipiga RAW ikiwa na giza halafu uinue mwanga kwa kompyuta, Nikon inakupa ngozi, Canon za daraja hii zinakupa chenga na wakati mwingine mistari. Majarida huita hiyo upana wa mwanga na huipima kwa EV, yaani hatua. Hatua moja ni mara mbili ya mwanga. Kama utafanya kazi kwa kanisa lenye dirisha moja kubwa nyuma ya madhabahu, hiyo ndio namba ya kusoma kabla ya zingine zote.

Sasa tuje kwa vitu "haina". D3500 haina tundu la maikrofoni. 2000D haina. 4000D haina. Wewe msee wa mahojiano, wa vichekesho vya TikTok, wa vlogi: hizo tatu zote zitakupa sauti ya upepo na ya jirani akipika. Na hii ndio inauma: D3300 ya mwaka 2014 ilikuwa nalo! D3400 ilipokuja 2016 Nikon ikalitoa, pamoja na ile mashine ndogo ya kutikisa vumbi kutoka kwa sensa. So mtu akikuambia "chukua mpya, hiyo ya zamani achana nayo", mwambie akae chini. Kwa video, D3300 ya mkono wa pili inakupa kitu ambacho D3500 haina kwa bei yoyote. Ama uende juu kidogo: Canon 200D na 250D ziko na tundu, ziko na skrini ya kugeuka ujione, na fokasi yao ya video, ile Dual Pixel, inafuata sura polepole bila kutetemeka. 250D imeandikwa 4K kwa boksi, ila ukiiwasha inakata picha pembeni na ile Dual Pixel inajitoa. Baki kwa Full HD, utalala usingizi.

Kutuma picha kwa simu: 2000D na 4000D ziko na wai-fai, D3500 iko na Blutuuthi peke yake. Blutuuthi inatuma picha ndogo polepole, yenyewe. Kama mteja anataka picha za WhatsApp hapo hapo ndio akulipe, Canon inakuwa haraka.

Halafu kuna pini. Soma hii mara mbili kama unaota studio. Juu ya kamera, penye fleshi ya nje inaingia, kuna vidoti vya chuma, na kile kikubwa cha katikati ndicho kimekuwa lugha ya fleshi zote tangu zamani. Fleshi yoyote, trigga yoyote ya bei ya chini, ilikuwa inaongea na kamera yoyote kupitia hicho. Kwa 2000D, 4000D na 250D, Canon iliondoa hicho kidoti. Trigga rahisi zenye pini moja haziwaki. Bodi inafanya kazi, taa inafanya kazi, na wewe umesimama katikati ukibonyeza kama fala. Kuna trigga zilizotengenezwa kuongea lugha ya Canon kupitia vile vidoti vingine, lakini uulize na ujaribu kabla doh itoke mfukoni. D3500 iko na kidoti chake sawa tu. Kwa ripoti nyingi hii kitu inapewa mstari mmoja, kama inapewa. Ukiwa Nairobi na unataka taa mbili za studio za bei poa, kwangu inashinda megapikseli zote 24.

Boksi linasema 18-55, lakini 18-55 gani?

Jarida likisema "na lenzi yake", uliza herufi. Nikon ilitoa AF-P 18-55mm ikiwa na VR na nyingine haina. Canon iko na 18-55mm yenye IS na ile ya DC III ambayo haina. VR na IS ni kitu kimoja kwa majina mawili: lenzi inatuliza mtetemeko wa mkono. Kwa shata ya polepole jioni, hiyo ndio inatenganisha picha na ukungu. Duka linaweza kukuuzia boksi la bei ya chini kwa sababu tu hizo herufi hazipo, na ripoti uliyosoma ilipima yenye herufi.

Lakini siri kubwa iko kwa lenzi ya pili. Ile 18-55 ukiivuta mpaka 55, tundu lake linakuwa f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hiyo. Yaani kanisa lililokulazimisha ISO 6,400, sasa unapiga kwa kama 640. Hakuna tofauti kati ya bodi hizi tatu inakaribia hapo. Majarida yanaweza kujaza kurasa nne yakibishana Nikon imeshinda Canon kwa nusu hatua, na kipande cha plastiki cha 50mm kinakupa hatua tatu.

Ila Nikon ina mtego hapo. D3500, kama D40 ya 2006 na ndugu zake wote wa D3000 na D5000, haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ile 50mm f/1.8D ya zamani, ndogo, ya bei poa, itaingia na itapiga picha lakini fokasi utazungusha na mkono. Unataka yenye AF-S, ile f/1.8G, na huwa imepanda bei. Kwa Canon, 50mm f/1.8 STM inafanya kazi na fokasi yake kwa bodi yoyote ya EOS ya kioo. Kwa hivyo ukipiga hesabu ya bodi pamoja na lenzi ya pili, ile tofauti ya bei uliyoona kwa jarida inaweza kugeuka kabisa.

Nyota, asilimia na zile stika za dhahabu

Amateur Photographer ya Uingereza imekuwa mtaani tangu 1884. Popular Photography ya Marekani ilianza 1937 na ikaacha kuchapishwa kwa karatasi 2017. Hawa ni wazee wa kazi, na karibu wote hutumia mtindo mmoja: alama kwa kila sehemu, halafu jumla, halafu hukumu. Jumla ndio inasomwa na kila mtu, na ndio ya kuamini kidogo zaidi.

Alama hutolewa ndani ya daraja. Asilimia 80 ya kamera ya kuanzia na 80 ya kamera ya wapiga picha wa michezo ni dunia mbili. Pia zimefungwa kwa siku. Nyota nne za 2018 zilipimwa dhidi ya washindani wa 2018. Na kwa karibu kila jumla kuna alama ya "thamani ya pesa", ambayo ilipigwa kwa pauni ama dola, kwa bei ya duka la kwao, siku kamera ilipotoka. D3500 ilitoka Marekani na lenzi yake kwa kama dola 500. Hiyo bei haikuhusu. Nikon ilishaacha kuitengeneza, kwa hivyo bei yake sahii ni chenye muuzaji ameamka nayo. Futa hiyo alama kwa kalamu, uandike yako baada ya kuzunguka maduka matatu.

Zile stika za TIPA na EISA kwa boksi ni tuzo za ukweli, zinapigiwa kura na wahariri wa majarida wanachama. Lakini zina vitengo vingi: ya kuanzia, ya wenye uzoefu, ya kitaalamu na kadhalika. Stika inakuambia kamera ilipendwa kwa kitengo chake mwaka huo. Haikuambii kama kitengo chenyewe ni chako.

Na angalia kama unasoma kipimo kamili ama "mtazamo wa kwanza". Kamera ikitangazwa, majarida hupewa kuishika kwa muda mfupi, wakati mwingine ikiwa bado haijamalizwa. Hiyo makala huwa tamu juu hakuna mtu amepata wakati wa kupata shida. Hata kipimo kamili hufanywa na kamera ya kuazimwa inayorudishwa kwa kampuni. Hakuna aliyekaa nayo miaka mitatu ndani ya begi kwa nduthi ya kwenda Rongai.

Vitu utajipimia mwenyewe

Ile chati ya rangi ya vyumba 24, chumba cha kwanza kabisa ni ngozi nyeusi, cha pili ngozi nyeupe. Kwa hivyo maabara inaijua ngozi yako. Lakini geuza ukurasa uone picha za mtaani za ripoti hiyo: mara nyingi sura ni nyeupe na jua ni la Ulaya. Kamera inapopima mwanga yenyewe inajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha kati. Bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe, saa saba mchana, ni mtihani ambao kurasa nyingi hazina. Beba kadi yako ya kumbukumbu dukani, mwombe beshte asimame mlangoni mwanga ukiwa nyuma yake, piga RAW kwa kila kamera, enda ukaangalie kwa kompyuta. Muuzaji akikataa, kuna duka lingine hapo kando.

Majina nayo yatakuchanganya. Canon huuza kamera moja kwa majina tofauti kulingana na bara. 2000D ya Ulaya ndio 1500D ya Asia na ndio Rebel T7 ya Marekani. 4000D ni 3000D ni T100. 250D ni 200D II ni SL3. Kwa tao zinaingia kutoka pande zote, kwa hivyo unaweza pata 1500D na 2000D kwa kabati moja, bei mbili, na jamaa anakuapia hiyo ya 2000 ni mpya zaidi. Ni kamera ile ile. Ukisoma ripoti ya T7, umesoma ya 2000D.

Kama ni ya mkono wa pili, ripoti haitakusaidia na kitu cha kwanza unachohitaji kujua, ambacho ni shata imepigwa mara ngapi. Kwa Nikon, piga picha moja ya JPEG, iweke kwa simu ama laptop, fungua taarifa za ndani ya faili na programu ya kusoma EXIF. Hesabu iko humo. Canon nyingi haziandiki kwa picha, itabidi uunganishe kamera na laptop kwa waya na utumie programu ya kusoma, kwa hivyo beba laptop. Kisha toa lenzi, weka tundu la lenzi kwa f/16 ukiirudisha, piga ukuta mweupe ama mbingu. Vidoti vyeusi ni vumbi kwa sensa. D3400 na D3500 hazijisafishi zenyewe, na hapa kwetu vumbi haliombi ruhusa. Vidoti vinavyotoka kwa kupulizwa si noma. Mkwaruzo kwa sensa hautoki, hapo rudisha kamera kwa kabati na uombe nyingine.